Vinywele vya Sikio Havioti Tena: Mwongozo kwa Watu wa Karasha, Mashine na Sindano

Nenda kwenye karasha yoyote, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, pale Mwabomba, Ushetu, mkoani Shinyanga, au vuka upande wa Geita mpaka Nyarugusu na Rwamgasa, utakuta watu wanazungumza mdomo kwa sikio na bado wanapiga kelele. Jioni mashine zikizimwa, wanaendelea kupiga kelele vilevile wakiwa kwa mama lishe. Hawagombani. Masikio yao yamechoka, na ya wengine yameshaanza kufa kwa ndani. Makala haya yanakueleza ni kitu gani hasa kinachokufa humo, unakilindaje, uende wapi ukiona dalili, na ni wapi utalipa na wapi hupaswi kulipa.

Tuanze na sikio lenyewe, maana usipolijua utaona ushauri wote ni usumbufu. Sauti inaingia kwenye tundu la sikio mpaka inagonga ngozi nyembamba iliyoziba njia, ile ambayo wengi tunaiita ngoma ya sikio. Ngozi hiyo inatikisika na kutikisa vifupa vitatu vidogo vilivyoshikana nyuma yake. Kifupa cha mwisho kinasukuma maji yaliyomo kwenye kijifereji kilichojiviringa kama mara mbili na nusu ndani ya mfupa mgumu wa kichwa. Madaktari wanakiita koklea. Ungeweza kukinyoosha, kingefika sentimita 3 na nusu hivi.

Ndani ya kijifereji hicho ndimo ilimo mali yenyewe. Kuna mistari ya seli, yaani chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na kila seli ina kishungi cha vinywele kichwani. Usizichanganye na zile nywele za nje unazoziona kwenye sikio la mzee. Hizo ukikata zinaota. Hizi za ndani ziko kama 15,000 katika kila sikio. Karibu 3,500 kati yake zimejipanga mstari mmoja, na hizo ndizo zinazopeleka habari ya sauti kwenye ubongo. Zilizobaki zimejipanga mistari mitatu, na kazi yake ni kukuza sauti hafifu ili uweze kumsikia mtu anayenong'ona. Zote ulizipata ukiwa tumboni mwa mama yako. Hakuna nyongeza baada ya hapo.

Sauti inageukaje kuwa habari? Maji yakitikisika, vinywele vinainama. Ncha za vinywele zimeunganishwa kwa nyuzi nyembamba sana, na kuinama huko kunavuta nyuzi hizo mpaka vijilango vidogo vinafunguka. Chumvichumvi aina ya potasiamu inaingia kwenye seli, seli inatoa ishara ya umeme mdogo, na mshipa wa fahamu unaipeleka kwenye ubongo. Yote hayo yanamalizika kabla hujapepesa jicho. Seli zilizo mwanzoni mwa kijifereji zinapokea sauti nyembamba, kama mlio wa filimbi au sauti ya mtoto; zilizo mwishoni zinapokea sauti nzito, kama ngoma au injini ya lori.

Sasa fikiria jaruba la mpunga. Upepo ukipita, mabua yanainama kisha yanasimama. Likipita kundi la ng'ombe, yanalala chini. Mengine yatainuka baada ya siku moja au mbili, mengine yamevunjika moja kwa moja. Kelele kubwa inavifanyia vinywele vya sikio hivyo hivyo. Ndiyo maana ukitoka kwenye muziki mkubwa masikio yanavuma usiku kucha, kesho yake unajiona umepona. Vingi vimeinuka, ila si lazima vyote.

Kilichokufa hakirudi. Ajabu ni kwamba kuku wanarudishiwa: katika miaka ya 1980 wanasayansi wa Marekani waligundua kuwa ndege walioharibiwa seli hizi kwa kelele au kwa dawa huotesha nyingine ndani ya wiki chache. Kuku wako wa kienyeji ana bahati kuliko wewe katika hili. Kwa binadamu bado hakuna tone, kidonge, wala mti shamba uliothibitishwa kuotesha vinywele hivyo. Mtu akija mnadani na chupa anayodai inarudisha usikivu, baki na hela yako.

Kelele kiasi gani ndiyo kubwa? Kelele hupimwa kwa kipimo kinachoitwa desibeli. Kiwango kinachotumika sehemu nyingi duniani kama mwisho wa usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Hesabu yake ina ukali wake, maana kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu. Kwenye 88 una saa 4, kwenye 91 una saa 2, kwenye 94 saa 1 tu, na kwenye 100 una dakika 15 kwa siku nzima. Mashine ya kutoboa mwamba inapita 100. Kwa hiyo anayeishika asubuhi mpaka mchana bila kinga ameshamaliza fungu lake la siku kabla hata chai haijapoa.

Huna kipimo? Mkono wako unatosha. Simama umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa kutoka kwa mwenzako. Kama inabidi upaze sauti ili akusikie, kelele ya hapo inakaribia au imeshavuka kiwango cha hatari. Fanya hivyo kwenye karasha, karibu na jenereta na kompresa, na usisahau mashine ya kusaga na kukoboa pale kijijini. Ushetu wengi ni wakulima wa tumbaku, mahindi na mpunga, na hawajawahi kushuka kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, lakini mwenye mashine ya kukoboa anaisikia siku nzima, mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewahi kumwambia jambo hili.

Dalili za mwanzo hazifanani na uziwi, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Seli za sauti nyembamba ndizo zinazotangulia kufa, kwa hiyo mtu anakusikia kwamba unaongea, ila maneno hayamkai sawa. Umesema "shika", yeye amesikia "fika". Anamuelewa mwanamume mwenye sauti nzito kuliko mke wake au mjukuu. Kwenye kikao chenye watu wengi anapotea kabisa, anabaki kutikisa kichwa. Nyumbani wanasema amekuwa na kiburi. Wengine wanasikia mlio mwembamba masikioni usiokoma, hasa usiku kukiwa kimya.

Kuna jaribio rahisi la nyumbani. Asubuhi kabla ya kwenda kazini, washa redio na uipunguze sauti mpaka pale ambapo maneno yanasikika kwa shida. Iache hapo hapo, usiguse kitufe cha sauti. Ukirudi jioni, washa tena stesheni ileile wakati mtu anazungumza. Kama sasa husikii maneno, kazi ya siku hiyo imezichosha seli zako. Ikitokea hivyo mara kwa mara, uchovu huo unaelekea kuwa wa kudumu.

Ufanye nini kazini? La kwanza halina gharama: ongeza umbali. Mahali pa wazi, kila unapouzidisha mara mbili umbali kati yako na mashine, kelele inapungua kwa desibeli 6 hivi, na ukirudi kwenye hesabu ya hapo juu utaona hiyo inakupa muda mara nne. Kwa hiyo anayesubiri zamu, anayehesabu mifuko ya mawe, mama lishe na jiko lake, hawana sababu ya kukaa ubavuni mwa karasha. Watoto ndio kabisa. Mwenye karasha naye aangalie bomba la moshi la injini. Sailensa iliyotoboka inaongeza kelele bure, na fundi wa kuchomelea anaiziba. Zamu zigawanywe ili mtu mmoja asikae kwenye mashine kutwa. Wakati wa kulipua baruti, kaa mbali na uzibe masikio, kwa sababu mlipuko mmoja wa karibu unaweza kung'oa vinywele na kupasua ngoma ya sikio papo hapo, bila kusubiri miaka.

La pili ni kinga ya masikio. Zipo za aina mbili: viziba vidogo vya sponji au vya mpira vinavyoingia tunduni, na vile vikubwa vya kufunika sikio zima. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya migodi na ya ujenzi, Kahama mjini na Geita mjini. Viziba vya sponji ni vya bei ya chini kuliko buti au helmeti, na sioni kwa nini mtu anunue buti aache masikio. Pamba ya kawaida haitoshi. Inakupa moyo tu huku kelele inapita. Kipande cha kitambaa vilevile.

Kuvaa ndiko kunakokosewa. Osha mikono kwanza, maana mchanga wa mawe ukiingia sikioni utaleta kidonda, na kama mikono ina zebaki ni balaa jingine. Sokota kile kisponji kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila makunyanzi. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na kulielekeza nyuma, tundu litanyooka. Ingiza haraka kisha kishikilie kwa kidole, hesabu polepole mpaka 30 kikifura humo ndani. Kikikaa vizuri, sauti yako mwenyewe utaisikia nzito kama inatoka kifuani. Kikichungulia nje nusu nzima, hakijaingia, rudia. Cha sponji kikichafuka au kikikakamaa kitupe, cha mpira kioshe kwa maji na sabuni. Namba ya desibeli iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya maabara. Wewe kazini hesabu nusu yake.

Wachimbaji wataniuliza: nikiziba masikio, nitausikiaje mwamba ukilia kabla haujaanguka? Swali hilo ni la haki, na nimeona watu wa ofisini wakilicheka. Mashine ya kutoboa ikiwa inanguruma hakuna anayesikia mwamba, awe ameziba au hajaziba, kwa hiyo vaa. Mashine ikizimwa na mnakagua au mnabeba mawe, vua, sikilizeni. Wakati wa kelele kubalianeni ishara za mikono, tochi na kamba. Na kumbuka kwamba aliyeua vinywele vyake kwa miaka kumi hasikii mwamba hata pakiwa kimya.

Kama umeajiriwa, kinga hiyo si ya kununua mwenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kinga bila kukukata mshahara, na wafanyakazi wa sehemu hatarishi wapimwe afya. Ukipoteza usikivu kwa sababu ya kazi, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2008, unahusika. Michango yake analipa mwajiri, si wewe. Mjulishe mwajiri mapema kwa maandishi na ubaki na nakala. Taabu ni kwa vijana wengi wa duara wanaolipwa kwa mgao wa mifuko na hawana mkataba wa aina yoyote. Kwao karatasi ya kipimo cha usikivu kilichofanyika siku za mwanzo za kazi ndiyo ushahidi wa karibu watakaokuwa nao, na mwenye leseni ya eneo aulizwe wazi kama amejisajili WCF.

Kelele si mwizi peke yake. Zipo dawa zinazoingia kwenye damu na kufika kwenye seli zile zile. Inayojulikana zaidi mitaani ni gentamaisini, wengi wanaiita jenta. Zimo pia streptomaisini, kanamaisini na amikasini. Hospitalini dawa hizi zinaokoa maisha, hata ya vichanga wenye maambukizi ya damu, kwa hiyo daktari akiiandika usikatae. Hatari ni ya kuchomwa dukani kwa kukisia, bila kipimo cha uzito wala cha figo, siku nyingi mfululizo. Duka la dawa si mahali pa kuchomea sindano. Ukiwa kwenye dozi na masikio yakaanza kuvuma, au ukaanza kuyumba hasa gizani, mwambie mhudumu siku hiyo hiyo. Kuyumba kunatokana na jambo hili: seli za vinywele zipo pia kwenye sehemu ya sikio inayoshika mizani ya mwili, na jenta inazipenda hizo zaidi. Kama upande wa mama yako kuna ndugu waliopata uziwi baada ya sindano, liseme kabla hujachomwa, kwa kuwa udhaifu huo unaweza kurithiwa kwa mama.

Wazee wanaikumbuka kwinini ilivyokuwa ikipigisha masikio kelele. Mara nyingi mlio ule huisha dawa ikiisha mwilini, na siku hizi malaria ya kawaida inatibiwa kwa mseto. Kwa wachimbaji wenye kifua kikuu, ugonjwa unaowapata sana kwa sababu ya vumbi la mawe: matibabu yake ni bure kwenye vituo vya serikali, na hata kile kifua kikuu sugu kilichokuwa kikitibiwa kwa sindano za kuua masikio, sasa Shirika la Afya Duniani linahimiza kitibiwe kwa vidonge. Usikimbie dozi kwa hofu ya zamani.

Mtoto analindwa kuanzia tumboni. Rubela ikimpata mama mjamzito inaweza kuharibu masikio ya mwanawe, na chanjo ya surua na rubela hutolewa bure kwa watoto, ya kwanza wakiwa na miezi 9 na ya pili miezi 18. Mtoto aliyeugua homa ya uti wa mgongo au aliyepata manjano kali alipozaliwa apelekwe kupimwa masikio hata kama anaonekana mzima. Mtoto wa miezi 6 anapaswa kugeukia sauti. Wa mwaka mmoja awe ameanza neno moja au mawili. Asipofanya hivyo, usisubiri kwa kuambiwa kwamba hata baba yake alichelewa kusema.

Sikio linalotoa usaha ni habari nyingine, maana hapo tatizo huanzia kwenye ngoma ya sikio, ingawa likiachwa miaka linaweza kufika ndani. Likaushe kwa ncha ya kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, badilisha mpaka kitoke kikavu, lisiingie maji ya kuoga wala ya bwawani, kisha nenda zahanati. Usitie mafuta ya kula, mkojo wala maji ya majani. Na vijiti vya pamba viache. Vinasukuma nta ndani tu.

Uanzie wapi? Zahanati au kituo cha afya cha kata, hapo wataangalia kama ni nta au usaha, vitu vinavyotibika. Watoto chini ya miaka 5 na wajawazito wanatibiwa bure kwa sera ya serikali, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wana msamaha. Chukua kitambulisho au barua ya mtendaji wa kijiji. Kama sikio ni safi ila husikii, omba rufaa, usikubali kupewa matone tu. Ngazi zinazofuata ni hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga pale Mwawaza. Kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo, Bugando jijini Mwanza ndiyo hospitali ya kanda iliyozoeleka, na walio upande wa Geita wana hospitali ya kanda ya Chato. Barua ya rufaa ibebe bila kukosa, hasa kama una bima, maana bila hiyo unaweza kujikuta unalipia kila kitu mfukoni. Piga pia hesabu ya nauli na malazi, kwa sababu huenda ukatakiwa kurudi.

Ila kuna hali moja isiyosubiri ngazi. Ukiamka sikio moja limekufa ghafla bila usaha wala maumivu, hiyo ni dharura. Kuna dawa inayoweza kusaidia ikianza mapema, siku za mwanzo. Baada ya wiki 2 nafasi inakuwa ndogo sana. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo chenyewe hakiumi. Unakaa chumba kimya, unavaa hedifoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio, hata ukiwa mdogo vipi. Siku moja kabla usiende kwenye mashine, angalau saa 14 za utulivu, ili uchovu wa jana usiharibu majibu. Utapewa mchoro. Kwa aliyeharibiwa na kelele, mstari wa mchoro hutumbukia karibu na alama ya 4000, kisha huinuka kidogo. Omba nakala uondoke nayo. Mwaka ujao daktari atalinganisha.

Kama hasara ni kubwa, kuna shimesikio, kifaa cha kukuza sauti. Hakifufui seli, kinazitumia zilizobaki, kwa hiyo kipangwe kulingana na mchoro wako. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: betri zinauzwa wapi na zinakaa siku ngapi, na nani atakirekebisha. Betri ndogo za aina hii nyingi hukaa wiki moja au mbili, na gharama hiyo ndiyo inayofanya vifaa vingi viishie kabatini. Kwa ambaye seli zimekwisha kabisa, hasa mtoto mdogo, Muhimbili walianza mwaka 2017 kupandikiza kifaa kinachoruka seli na kugusa mshipa wa usikivu moja kwa moja. Ni cha makumi ya mamilioni ya shilingi, na mtoto akiwahishwa kabla hajapita umri wa kujifunza kuongea ndipo kinapomfaa zaidi.

Asiyepata hayo bado ana shule na lugha. Shinyanga ipo Buhangija, Tabora ipo shule ya viziwi, na Lugha ya Alama ya Tanzania inafundishika kwa familia nzima; Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndicho cha kuulizwa. Kwa mzee wa nyumbani aliyeanza kupoteza maneno, usipige kelele. Zima redio, kaa mbele yake kwenye mwanga aone midomo yako, sema polepole kwa sauti ya kawaida, na neno likimshinda mara mbili, tafuta neno jingine.